Nilivyompeleka Baba Mkwe Iringa Bila Kumwona

Wenzangu wa sauti ya pili, tangu nirudi hakuna mazoezi ya kwaya yaliyokwisha bila mtu kunivuta kanga na kuninong'oneza: "Ni kweli ulisafiri na mkweo? Mlikaaje? Ulikula wapi?" Mwalimu wa kwaya amechoka. Amesema niandike yote mara moja, msome majumbani kwenu, ili siku za mazoezi tuimbe. Basi someni, halafu tuimbe.

Kwa wale waliohamia karibuni: mimi ni Msafwa niliyeolewa na Mnyakyusa, tunaishi hapa Soweto ya Mbeya, ua mmoja na wakwe zangu. Siku hizi Wanyakyusa wengi wameyalegeza haya mambo, wanasalimiana na wakamwana zao na hata kula nao meza moja. Baba mkwe wangu hajalegeza kitu. Kwake yeye, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hali mbele yake na hataji jina lake. Hata hapa sitalitaja. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua kwa kikohozi. Akikohoa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.

Soweto: redio na misumari

Baba mkwe alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Macho yalipoanza kuingia ukungu aliweka nyundo chini, akashika redio. Na huu ulikuwa mwaka wa visulisuli. Redio ilikuwa haimalizi habari bila kutaja upepo uliozunguka mahali fulani duniani ukaondoka na nyumba za watu, na yeye hakupitwa na hata mmoja. Majirani walikuwa wanakuja barazani kumsikiliza yeye kuliko redio, kwa sababu kila habari aliifunga kwa swali lilelile, yaani paa lilishikizwa kwa kitu gani: "Walifunga kwa nini?"

Mtaa mzima umelala chini huko Marekani, watu wamepona kwa kujificha kwenye vyumba vilivyochimbwa chini ya nyumba. Baba mkwe: "Walifunga kwa nini? Misumari ya ngapi?" Binti yangu Neema akamweleza kwamba kule nyumba nyingi ni za mbao mpaka kuta. Mzee akashika kichwa. "Mbao mpaka ukutani? Mwe! Hiyo siyo nyumba, hilo ni kabati." Ikaja Brazili, ikaja Uchina, ikaja Afrika Kusini. Kote huko, kwa mujibu wa baraza letu, walikuwepo mafundi wavivu.

Halafu akapiga simu wifi yangu Atupele, ambaye ameolewa na Mhehe, kijiji kimoja ng'ambo ya Kalenga, Iringa. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Mume mzima, watoto wazima, ng'ombe mzima. Kisulisuli kimepita mchana wakiwa shambani, na paa la nyumba limeondoka.

Paa lile alilipaua baba mkwe kwa mikono yake, zawadi ya harusi ya binti yake. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya macho kumwacha.

Hakuuliza walifunga kwa nini. Alizima redio. Kesho yake jirani mmoja akapita na kusema kwa sauti ya utani, "Mzee, na lile la Iringa walifunga kwa nini?" Jirani hakuwa na ubaya, alikuwa anarudisha tu kile alichopokea mwaka mzima. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasafisha maharage, nikasikia kikohozi ambacho sikukifahamu, kidogo sana. Siku zilizofuata sahani yake ilikuwa inarudi jikoni na chakula. Mwishowe akasema anakwenda Iringa kulipapasa paa lake, ajue kama ni upepo au ni yeye.

Mume wangu alikuwa Tunduma, amekwama kwenye foleni ya malori. Mama mkwe miguu yake haimfikishi hata kanisani. Nikabaki mimi.

"Mpeleke," mama mkwe akaniambia. "Lakini usimwone."

"Mama, nitampelekaje mtu ambaye haoni vizuri, na mimi pia nisimwone?"

"Mimi nilimpeleka baba yake hospitali Tukuyu, na nikamrudisha, na sikumwona." Alisema kama mtu aliyewahi kushinda mbio. "Utatazama fimbo. Fimbo siyo mkwe."

Nane Nane mpaka Chimala: fimbo

Basi ndivyo tulivyoondoka stendi ya Nane Nane. Fimbo ikatangulia, mimi nyuma na kanga imenifunika mpaka kwenye nyusi. Fimbo ilikaa siti ya nyuma ya dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa pamoja na mama mmoja aliyepakata kuku. Kwa kuwa siruhusiwi kusema na mzee, ujumbe ulipita kwa konda.

"Konda, samahani, muulize yule mzee wa mbele kama dirisha linampiga baridi."

Konda akaenda, akarudi. "Anasema hapigwi. Kwani we dada ni nani yake?"

Hapo ndipo ugumu ulipo. Nikisema ni baba mkwe wangu, nitaulizwa kwa nini nisiende mwenyewe. Nikasema, "Wewe muulize tu." Konda akaenda kumuuliza mzee: yule dada wa nyuma ni nani yako? Na mzee, ambaye kwa heshima hawezi kunitaja, akajibu kwa sauti ambayo basi zima lilisikia: "Mimi sijamwona dada yeyote."

Kuanzia hapo mama mwenye kuku akahamisha pochi yake upande wa pili.

Chimala basi likasimama watu wale. Mnajua wali wa Chimala, harufu yake inapanda kwenye basi kabla mlango haujafunguliwa. Nikashuka, nikaiona fimbo inatembea katikati ya watu. Nikaifuata haraka, macho chini, mpaka kwenye mgahawa. Fimbo ikaegemezwa ukutani. Mimi nikageuza uso, nikapiga magoti, nikamimina maji ya kunawa kwenye ile mikono, nikamwambia mhudumu, "Mletee mzee wali na samaki, samaki mkubwa, umchambulie na miiba." Nikasimama pembeni nimempa mgongo, nimeshika jagi, mpaka akamaliza. Mimi mwenyewe tumbo linanguruma, lakini mbele ya mkwe huli. Nilijisikia mkamwana mwema kuliko wote walioolewa Unyakyusa.

"Binti," sauti ikasema nyuma yangu, "Mungu akubariki. Wanangu wenyewe hawajawahi kunifanyia hivi. Ni wa kanisa gani ninyi?"

Ile sauti haikuwa na kikohozi.

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kisangu, mfupi, mwenye tabasamu pana na wali kwenye ndevu, anasubiri basi la kwenda Mbeya. Fimbo yake na ya baba mkwe hazina tofauti. Wakati huo huo honi ikapigwa, nikakimbia. Baba mkwe alikuwa palepale nyuma ya dereva, hajashuka, fimbo katikati ya magoti, anasubiri mtu amletee chakula.

Hapakuwa na nafasi ya kununua kitu. Nikarudi nyuma kabisa na aibu yangu na njaa yangu, na mbele kule mzee na njaa yake. Nilitaka basi linimeze.

Kabla ya Makambako: mti barabarani

Tulikwama kabla ya Makambako. Upepo ulikuwa umeangusha mti mkubwa wa mkaratusi ukalala barabara nzima, na kila aliyekuwa na panga alikuwa na maoni yake juu ya wapi paanze kukatwa. Watu wakashuka, wakakaa kwenye majani. Akina mama wa jirani wakatokea na viazi vya kuchemsha, nikamtuma konda ampelekee mzee. Mimi nikaenda kujificha nyuma ya basi nile changu. Nilipofika, nikaikuta fimbo nayo imekuja kupumzika kivulini hukohuko. Nikafunga kiazi kwenye kanga, nikaondoka. Nikahamia upande wa pili wa barabara. Baada ya muda jua likageuka, fimbo nayo ikavuka barabara. Kiazi kilipoa bila kuonja mdomo wangu.

Mti ukaleta mazungumzo ya upepo. Mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga akasema mwaka huu upepo umeezua shule kwao, watoto wanasoma chini ya turubai, na mvua ikinyesha mwalimu anakimbia na ubao kwapani. Mama mwenye kuku akasema kwa dada yake mkoani Rukwa bati lilikutwa limejikunja juu ya mti. Na baba mkwe hakuweza kujizuia. Akaanza. Akawapa Marekani yote, akawapa Uchina, akawaambia habari ya nyumba ambazo ni makabati. Watu walicheka mpaka wakata mti wakaacha mapanga. Nikiwa nimejibanza nyuma ya gurudumu, nilifurahi kuisikia sauti ile imerudi.

"Mzee unajua mambo," yule wa mbao akasema. "Na Iringa unafuata nini?"



"Kuna fundi mmoja pale alifanya kazi mbovu," baba mkwe akasema. "Nakwenda kumtazama."

Wengine wakacheka, wakidhani ni mwendelezo. Mimi niliumia. Nilitaka kutoka nyuma ya lile gurudumu nimwambie kwamba si kweli, kwamba nyumba nusu ya mtaa wetu zinalala kavu chini ya kazi yake. Ila mkamwana hasemi.

Iringa mjini: bajaji

Tuliingia Iringa jua likiwa bado juu, baridi ile ya mlimani inaanza kuuma masikio. Kwenda kijijini palikuwa na bajaji moja tu iliyokubali ile barabara. Sasa bajaji haina siti ya nyuma kabisa. Baba mkwe akakaa upande wa kulia, mimi nikakaa upande wa kushoto nimegeuka kinyume, uso nje, kanga kichwani, begi katikati yetu kama mpaka wa nchi.

"Dada, ukitaka kutapika sema mapema," dereva akaniambia.

"Sitapiki. Mwambie mzee ashike chuma, mbele kuna makorongo."

"Si yuko hapo hapo pembeni yako?"

"Wewe mwambie."

Baba mkwe alinisikia vizuri kabisa. Macho ndiyo mabovu, masikio ni ya paka. Lakini hakushika chuma. Alisubiri mpaka dereva aliporudia, ndipo akashika na kusema, "Ndaga, asante mwanangu, umenikumbusha." Dereva akaipenda kazi. Kufika nusu ya njia alikuwa anaongezea maneno yake. Mimi nasema, "Mwambie tunakaribia," yeye anasema, "Mzee, dada anasema unapendwa sana, usiwe na wasiwasi." Nilitamani kuruka nje.

Kwa Atupele: nyumba na anga

Nyumba ya wifi ilikuwa imesimama vizuri, kuta zote zipo ingawa zimemeguka juu, mlango umefungwa kwa kufuli, na juu hakuna kitu ila anga. Atupele alisema hata yeye hajui kwa nini bado anafunga mlango. Walikuwa wanalala kwenye chumba cha darasa cha kanisa. Alimkumbatia baba yake akalia, kisha akaanza kumwambia maneno matamu: upepo ulikuwa mkali baba, hata nyumba ya saruji ya diwani imepasuka baba, si wewe baba. Mume wake, Mhehe mpole, anaitikia pembeni, "Kweli kabisa, mzee. Kweli kabisa."

"Paa liko wapi?"

Lilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la mahindi la Mama Vumilia. Upepo ulilibeba na kulitua pale. Mama Vumilia aliishi nalo siku mbili, kisha akaona ni ujinga kuliacha hivi hivi, akaingiza mbuzi wake.

"Nitakupeleka baba," Atupele akasema, "nikuangalizie."

"Hapana. Wewe utanihurumia, utanidanganya. Mume wako naye atanidanganya, maana ameoa kwangu." Akanyoosha fimbo upande niliokuwa, bila kugeuza uso. "Aniangalizie yule. Yule hajawahi kuniambia neno hata moja, kwa hiyo hajawahi kunidanganya."

Atupele alinitazama kama mtu anayeaga.

Shambani kwa Mama Vumilia: mbuzi

Mama Vumilia alitukaribisha, "Kamwene, kamwene!" akatuonyesha paa, akaenda kutuletea ulanzi, pombe yao ya mianzi. Tukabaki wawili na mbuzi.

Lilikuwa limekaa chini kama lilivyokaa juu, kona moja tu imejikunja. Baba mkwe akaingia kwa kuinama, akakaa juu ya majani ya mbuzi, akaanza kupapasa kenchi, zile mbao zilizoungwa kubeba mabati. Mimi nikaingia upande wa pili, nimempa mgongo, nikaanza kutazama ubao mmoja mmoja. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna konda. Hakuna dereva wa bajaji. Kulikuwa na mbuzi jike mmoja mweupe, anatafuna, ananitazama.

Nikaona hakuna njia nyingine.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie baba misumari ya mabati yote ipo."

Mbuzi akameza.

"Mbuzi," baba mkwe akasema, "muulize kenchi ya katikati."

"Mbuzi, mwambie ni nzima. Ila kuna ubao mmoja wa mshazari umevunjika. Na kuna msumari mmoja umepinda, ukalazwa kwa nyundo."

"Upande gani?"

"Wa mlangoni."

"Aa!" Akapiga goti lake. "Mbuzi, mwambie huo aliupiga mume wake. Nilimwachia msumari mmoja tu, mmoja!"

Nilicheka, nikaziba mdomo kwa kanga. Hapo upepo ukavuma, si kisulisuli, upepo wa kawaida tu na vumbi lake, lakini bati moja lililolegea likapiga kelele, na mbuzi, ambaye nadhani alikuwa amekwisha kujifunza mambo ya mabati, akatoka mbio na wenzake wote nyuma. Mjumbe wetu akapotelea kwenye mahindi.



"Kona," baba mkwe akasema polepole. Safari hii hakumtaja mbuzi. "Kona zinasemaje? Mimi mikono haifiki."

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, lililotutoa Soweto. Kona ndipo paa linapofungwa na ukuta kwa waya. Kama waya umekatika au umefunguka, fundi ndiye aliyelala. Nikatambaa kona ya kwanza. Nikatambaa ya pili. Nilipomaliza ya mwisho, sikuwa na mtu wa kumtuma. Nikageuka. Nikamtazama. Ni mzee mwembamba, ana kovu dogo kwenye kidevu, na sikio moja la Neema lilitoka kwake.

"Baba," nikasema, "waya haujaachia popote. Kila kona imebeba tofali lake. Upepo ulipolivuta paa, paa halikukubali kuachana na ukuta, likaondoka na vipande vya ukuta."

Nikamshika mkono, nikaupeleka kwenye kona iliyo karibu. Alilipapasa lile tofali lililong'ang'ania kwenye waya, akarudia, akarudia tena. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, na mimi yangu yakatoka. Mkiniuliza kama niliogopa, sikuogopa hata kidogo.

Baada ya muda akasafisha koo, kikohozi chake kile cha kawaida.

"Mama Neema."

"Abee, baba."

"Yule mzee wa Chimala alikula samaki au nyama?"

Nilitaka kufa palepale. "Samaki, baba. Ulijuaje?"

"Konda alinisimulia. Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Alibakiza?"

"Hakubakiza kitu, baba."

Akacheka mpaka akapiga kichwa kwenye kenchi. Mama Vumilia alipofika na ulanzi alitukuta tunafuta macho, tumekaa uso kwa uso kwenye mavi ya mbuzi, tunagawana kile kiazi changu cha Makambako.

Kurudi nyumbani

Paa lilifunguliwa, likavushwa kijito kwa mabega ya kijiji kizima, na baba mkwe akakaa chini kando ya nyumba akiamuru kwa fimbo, mimi pembeni nikimwambia wapi panapinda. Ule ubao wa mshazari uliovunjika ulipokosa mbadala, alitoa fimbo yake. Ilikuwa mti mgumu na urefu wake ulitosha. Ipo pale juu mpaka leo, na misumari ya saizi anayoijua mwenyewe. Njia nzima ya kurudi alishika bega langu. Chimala alimwambia konda asiondoe gari mpaka binti yake ale, nami nikala wali na samaki mbele yake mpaka nikaona haya kwa sababu nyingine.

Tulipoingia uani, mama mkwe alikuwa jikoni. Mimi nikapita mlango wa nyuma, kanga mpaka kwenye nyusi, yeye akapita wa mbele na kukohoa.

"Hukumwona?" mama mkwe akaniuliza.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka sebuleni: "Yule? Alitazama fimbo tu, kwenda na kurudi. Umemfundisha vizuri sana."

Mama mkwe akatabasamu kwa fahari. Halafu akachungulia sebuleni, akatazama pembeni ya kiti, nyuma ya mlango, akatazama tena.

"Na fimbo yenyewe iko wapi?"

Mimi niliinamia sufuria. Baba mkwe akaiwasha redio, akaongeza sauti. Ilikuwa inasema kisulisuli kimeezua nyumba katika mji mmoja nje huko, mbali sana. Jirani aliyekuwa barazani akanyamaza kusubiri lile swali, na mimi jikoni nikalisubiri.

"Poleni sana, mafundi," baba mkwe akasema.